KILO ZA MASHIMBA

Sehemu ya kumi na moja

Sabini na tisa.

Haya, ninyi mliokuwa mnanisimamisha sokoni wiki nzima kuniuliza rula ya mizani ilisoma ngapi, jibu ndilo hilo. Mashimba Mboje, bondia wa uzito wa kruza, mtoto wa kijiji cha Mwamapalala, kasimama juu ya mizani ya pamba mjini Bariadi akiwa na bukta peke yake, na mizani inasema ana kilo sabini na tisa.

Uongo mtupu. Na wa kwanza kuujua uongo huo ni yeye mwenyewe.

Jana asubuhi alipanda mizani ya zahanati ikasoma themanini na sita, ambazo ndizo mwisho wa kruza. Tangu hapo alikunywa uji wa mtama, akalala. Mtu hapungui kilo saba kwa kulala.

Mnakumbuka kilichotokea baadaye. Mizani ile ya zahanati ndiyo iliyokuwa itumike leo, siku ya kupima uzito. Dereva wa Januarius Mayala akaenda kuichukua, na ilipofika mjini kioo kilikuwa kimepasuka na springi inaning'inia nje. Barabara mbaya, alisema dereva. Januarius, promota wa pambano na mnunuzi wa pamba aliyeingia na soko huria, hakuonekana kusikitika. Alisema mizani anayo ghalani, ya rula, ile fimbo ya chuma yenye namba, ya kazi. Basi mabondia wakapelekwa kupimwa pale pale wakulima walipopanga foleni na magunia yao.

"Sabini na tisa," karani alirudia, macho kwenye rula.

Karani huyo ni Milembe, mke wa Mashimba. Tangu msimu ufunguliwe yeye ndiye anayesukuma jiwe, kile kipande cha chuma kinachoteleza, kwenye rula ya Januarius na kuzitaja kilo kwa sauti. Kasoma mpaka kidato cha nne, mkono wake mwepesi, na kazi ilipopatikana nani angeuliza maswali?

"Pima tena," Mashimba alisema taratibu.

"Nimeshapima."

"Nimesema pima tena, Mama Flora."

Milembe akasukuma jiwe. Halikuhangaika huku na kule. Likaenda likasimama pale pale.

"Sabini na tisa," alisema, na bado hakumtazama mumewe usoni.

Januarius akapiga makofi. "Mmeona? Bondia kajinyima mpaka kapitiliza. Nenda ukanywe maziwa, Mashimba, kesho una kazi."

Watu wakacheka. Lakini mimi niliyekuwa nahesabu meno nawaambieni, si wote waliocheka. Katika foleni ya pamba kuna waliokunja uso wakaanza kunong'onezana.

Akaitwa Joakim.

Huyu ni bondia wa Januarius mwenyewe, kaletwa kutoka Mwanza na gari la Januarius, kalala nyumba ya wageni kwa gharama ya Januarius. Shingo yake na kichwa chake vina upana mmoja. Alipokanyaga mizani, mbao zililia. Milembe akasukuma jiwe.

"Themanini na sita."

Kamili. Hata robo haikuzidi. Mwamuzi wa chama cha ngumi, mtu mpole aliyetoka Shinyanga kwa basi na bado alikuwa na vumbi masikioni, akainua kidole gumba. Wote wawili wamepita.

Kichwa cha Mashimba kimepigwa sana miaka hii, lakini hesabu bado kinapiga. Kama mizani imekula kilo saba kwake, kwa yule imekula ngapi? Saba, au zaidi. Joakim si mtu wa kruza. Joakim ni mtu wa kilo tisini na kitu, uzito wa juu, na kesho jioni mtu huyo atafungiwa pamoja na Mashimba ndani ya kamba kwa raundi kumi.

Akamvuta kocha wake pembeni, nyuma ya marobota.

Kocha Mayunga ni mzee wa ngumi za jeshini, maneno machache. Wiki iliyopita niliwaonyesha akishuka kwenye Land Cruiser ya Januarius huku akijifuta mdomo, nikawaomba mumwekee jicho. Wengine mkanijia juu mkasema namwonea mzee wa watu. Sasa sikilizeni.

"Mwalimu, umeona?" Mashimba aliuliza.

"Nimeona."

"Kuna mchezo hapa."

"Nyamaza."

"Ninyamaze? Yule ana zaidi ya kilo tisini."

"Nina macho," Mayunga alisema. "Ukifungua mdomo, Joakim anatolewa. Akitolewa, huna wa kupigana naye. Usipopigana kesho, nafasi ya kugombea ule mkanda wa Afrika Mashariki na Kati anapewa mwingine. Una miaka thelathini na tatu, Mashimba. Nani atakuletea pambano lingine hapa Bariadi?"

"Nitauawa mbele ya watoto wangu."

"Hauawi mtu. Mzito huyo raundi ya sita anapumua kwa mdomo. Wewe mzungushe tu. Haya mambo ya pamba si yetu."

Mashimba akamgeukia vizuri.

"Mwalimu, mimi nimezungumzia ngumi. Nani ametaja pamba?"

Mayunga alitoa ugoro mfukoni, akaurudisha bila kunusa.

Miaka minane mzee huyu amemfunga bandeji mikononi, amempangusa damu, amemwita mwanangu. Na leo anajua jambo, na jambo hilo analificha. Nani kamnunua? Mashimba alitazama ile Land Cruiser nyeupe iliyoegeshwa kivulini, akadhani amepata jibu.

Kabla hajasema lolote, sauti ikatoka kwenye foleni.

"Karani, samahani. Mbona lile gari la matangazo lilisema themanini na sita?"

Alikuwa mkulima mmoja wa Mwandoya, aliyeswaga ng'ombe na mkokoteni kutoka mbali kwa kuwa huku, walisema, bei ni nzuri. Watu wakageuka.

Na hapa, wasomaji wangu, niruhusuni nimcheke Januarius kidogo. Mtu mjanja, suti ya kaki, saa ya dhahabu, lakini wiki mbili nzima alituma gari na kipaza sauti lizunguke Nyalikungu, Mwandoya, Mwamapalala mpaka mnadani, likitangaza pambano lake. Na lilitangaza nini? "Mashimba Mboje, simba wa Mwamapalala, kilo themanini na sita za chuma!" Watoto wameliimba. Wanawake wanaochuma pamba wameliimba. Hakuna bin Adamu pande hizi ambaye uzito wake unajulikana kuliko wa Mashimba, na ni huyo huyo ambaye Januarius alimpandisha kwenye mizani yake mbele ya wakulima wenye pamba mgongoni.

"Matangazo ni matangazo, mzee," Januarius alisema akitabasamu. "Ya kuvutia watu."

"Kwa hiyo gari lilidanganya?"

"Sijasema limedanganya."

"Basi iliyodanganya ni mizani," alisema yule wa Mwandoya, bila haraka, kama mtu anayemalizia kufunga kamba.

Foleni ikasogea mbele.

Januarius hakuwa mtu wa kubabaika upesi. Alimwambia Joakim ashuke, akamwagiza Milembe arudishe jiwe mwanzo. Mizani ikiwa tupu, rula ikakaa sawa, haikuinama kulia wala kushoto.

"Mnaona? Sawa kabisa. Sasa tuache porojo." Akamgeukia Mashimba, na sauti yake ikawa tamu. "Bondia, mwenye mwili ni wewe. Waambie wazee hawa. Kilo zako ni ngapi?"

Mtego huo. Akisema sabini na tisa, pambano lipo, mkanda upo, na wakulima watarudi kwenye foleni. Akisema themanini na sita, jasho la miaka minane limekwenda na maji.

Mayunga alimbana mkono kwa nguvu. Milembe, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akainua macho, na akatikisa kichwa kidogo sana. Usiseme. Mashimba alimwelewa hivi: mke wangu anaogopa nisije nikapoteza pambano. Akamwonea huruma.

Kisha akamwona mkwewe. Mzee Bundala, baba yake Milembe, alikuwa kwenye foleni na gunia lake la mwisho la msimu, ameliegemea kwa kiwiko. Pamba safi, nyeupe, hakuchanganya hata jani moja. Mzee hakusema kitu. Alikuwa anasubiri tu, kama wengine.

"Leteni sukari," Mashimba alisema.

"Nini?" aliuliza Januarius.

"Sukari. Gunia la kiwandani ni kilo hamsini, kila mtu anajua."

Alivuka barabara yeye mwenyewe akiwa na bukta ile ile, akaingia dukani kwa Specioza. "Mwangaluka, mayu," alimsalimia Kisukuma, kwa adabu ya kumsalimia mama, akabeba gunia la sukari ambalo nyuzi za kiwanda hazijafunguliwa, akarudi nalo begani. Specioza alimfuata nyuma akilia kwamba likichanika atalipa. Hakumruhusu mtu kuligusa. Alilitua juu ya mizani.

"Pima."

Milembe alisukuma jiwe. Safari hii mkono wake ulikuwa mzito.

"Soma, karani."

"Arobaini na sita," alisema Milembe, kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma hawakuisikia, lakini wa mbele waliwapelekea.

Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alikuwa anarudisha nyuma magunia yake, moja baada ya jingine, lile la mwezi wa sita, lile alilouza mtoto alipougua, lile alilotaka kununulia jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kisha yule wa Mwandoya akausogeza mkokoteni wake taratibu, akauegesha katikati ya lango. Land Cruiser isingetoka.

Mwamuzi akakohoa. Alisema upimaji wa leo umefutwa, na mpaka mizani ya haki ipatikane hakuna pambano. Alisema kwa upole, lakini Mashimba alilisikia neno hilo mbavuni. Ule mkanda aliouota tangu akipigana kwa soda, ameusukuma kwa mkono wake mwenyewe. Iliuma. Hakujifanya haiumi.

"Mizani imechakaa," Januarius alisema. Jasho lilimtoka, lakini ulimi ulikuwa bado unafanya kazi. "Chuma ni chuma. Kama kuna aliyeweka kitu, kitafuteni. Mizani hiyo hapo."

Wakaitafuta. Wanaume wa foleni waliibinua, wakachungulia chini ya mbao, wakapitisha vidole kwenye vyuma, wakakung'uta udongo. Hakuna jiwe, hakuna sumaku, hakuna waya. Januarius akaanza kupumua vizuri.

"Mmeona wenyewe. Uchakavu."

"Muulizeni huyu," Mashimba akasema.

Alikuwa anamwonyesha Mayunga.

"Huyu alijua kabla yenu. Kaniambia ninyamaze. Wiki iliyopita alikuwa ndani ya gari la Januarius. Muulizeni alipewa nini."

Mikono ikamkamata mzee. Hakujitetea, hata kofia ilipodondoka hakuiokota. Alimtazama bondia wake, na jicho lile halikuwa la mwizi aliyekamatwa. Lilikuwa jicho la mtu anayekuhurumia.

"Mashimba, achia hapo hapo," alisema. "Bado unaweza kuachia."

"Siachii."

"Haya, mwanangu."

Ndipo Mzee Bundala alipotoka kwenye foleni.

Aliwapita watu wote, akalikokota gunia lake mwenyewe, akalipandisha juu ya mizani. Wanaotoka huku wanajua: mkwe na mkwe hawaongei ovyo, na miaka yote tangu ng'ombe wa mahari walipoingia zizini kwake, Bundala hajamwambia Mashimba neno moja mbele za watu. Hata sasa hakumtazama. Alimtazama binti yake.

"Pima, mayu," alisema. "Pima kama unavyopima siku zote."

Milembe akaweka mkono kwenye rula. Alifumba macho.

Kisha akafanya jambo ambalo Mashimba atalikumbuka kuliko ngumi zote alizowahi kupigwa. Alichomoa pini kichwani kwake. Akalitoa jiwe la mizani kwenye rula, lile lile dogo ambalo kila mtu alikuwa analiona na hakuna aliyelishuku, akaligeuza chini juu. Chini yake palikuwa na lami kidogo, nyeusi kama chuma chenyewe. Akaichokonoa kwa pini, mara mbili tu, na kipande cha madini ya risasi kikaanguka kwenye mbao; ndicho kilicholizidishia jiwe uzito, kilo zikasomeka pungufu.

Wanaume wazima walikuwa wameibinua mizani ile wakakosa. Yeye hakutafuta. Mkono ulikwenda moja kwa moja, na pini ilikuwa imekwisha kupinda ncha kwa kazi hiyo.

"Mama Flora," Mashimba alisema.

"Wakija wakaguzi naitoa," Milembe alisema, akimwambia baba yake, si mumewe. "Wakiondoka naiweka."

"Tangu lini?" Bundala aliuliza.

"Tangu Januarius alipokubali kumpa Mashimba pambano."

Januarius alifungua mdomo, yule wa Mwandoya akamwekea mkono begani, akaufunga.

"Alikuja nyumbani wewe ukiwa mazoezini," Milembe alisema, na sasa alikuwa amemgeukia mumewe. "Akasema bondia wa Mwamapalala yeye hana haja naye, ana wa kwake kutoka Mwanza. Ila karani anamhitaji. Nikikubali, utapigana. Nikikataa, utabaki unapiga gunia la mchanga mpaka uzeeke. Nilikuwa nakuona ukilala na kile kipande cha gazeti chenye habari za mkanda chini ya mto. Ningefanya nini?"

"Na Joakim?"

"Hilo nimelijua leo, alipokanyaga mizani. Naapa kwa Flora. Nilidhani ananitumia kwa pamba tu."

Mashimba alitaka kuhesabu, na hesabu ikaanza yenyewe. Zile glovu mpya. Maziwa ya kila asubuhi, nyama ya kila Jumamosi, nauli ya kwenda Mwanza kujipima na mabondia wakubwa. Januarius alisema ni upendo wake kwa michezo, na Mashimba alimshukuru kwa mikono miwili. Wabeja, bosi. Wabeja sana. Kumbe vyote vililipwa kwa kilo za wakulima hawa.

"Mimi nilikwenda kwenye lile gari kumwomba amwondoe huyu mtoto Milembe kwenye mizani," Mayunga alisema kutoka mikononi mwa waliomshika. "Akanipa soda, akanicheka. Nilikwambia unyamaze, Mashimba. Hukuniuliza namlinda nani."

Wakamwachia. Mtu mmoja akamwokotea kofia, akaipangusa kwanza kwenye suruali yake ndipo akampa.

Bundala alikuwa amekiokota kile kipande cha risasi. Alikipima kiganjani, akakipeleka karibu na macho yake mabovu, akakitia mfukoni. Akalishusha gunia lake. Akachukua jiwe la mizani, sasa likiwa tupu chini, akalirudisha kwenye rula, kisha akafanya ambalo hajawahi kufanya. Alimgeukia mkwewe mbele ya watu wote.

"Panda," alisema.

"Baba..."

"Panda, mkwe. Tuone."

Mashimba akapanda. Pande zote walikuwa watu wa kwao, waliokwisha kulipia viingilio, walioliimba jina lake kwenye mashamba ya pamba, na sasa hakuna aliyekuwa analiimba. Walikuwa wanautazama mwili wake. Mabega yale. Kifua kile. Mapaja yaliyonenepa msimu huu.

"Soma, mayu," Bundala alimwambia binti yake.

Milembe akasukuma jiwe. Safari hii lilihangaika, likaenda mbele, likarudi, likatafuta mahali pake kama kwenye mizani yoyote ya kweli, mpaka rula ikatulia.

"Themanini na sita," alisema.

Bundala akatikisa kichwa kukubali. Alimwinulia Mashimba uso, akamtazama machoni.

"Kati ya hizo, baba," aliuliza taratibu, "za kwako ni ngapi?"